Sol Atakosea Swali la Tatu

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkutano wa walimu asubuhi. Mwalimu Mkuu Noh katangaza kwamba shule itachagua programu moja tu ya mtandaoni ya kufundishia, na hiyo ndiyo itakayotumika madarasa yote kuanzia mwaka ujao. Zimebaki mbili. Ya kwanza ni Tokkebi. Ina zimwi dogo la katuni lenye pembe moja na rungu, linaongea, linasahihisha, linapiga makofi. Ya pili inaitwa Ubao Mweupe. Ni ubao. Mweupe. Mtoto anaandika kwenye kishikwambi chake, mwalimu anaona. Basi.

Mimi, Pyo Jung-gil, mkuu wa idara ya teknolojia, nimepewa Tokkebi niijaribu na darasa langu la tano. Mwalimu Tak Eun-sil wa darasa la nne kapewa Ubao. Jumatano ya wiki ijayo kila mmoja atafundisha somo la wazi, wazazi na mkaguzi wa ofisi ya elimu ya mji wetu, Naju, wamekaa nyuma wanatazama.

Sasa tuelewane. Naibu mwalimu mkuu wetu anastaafu Februari. Jina litakalopendekezwa ni moja, na Mwalimu Mkuu kasema waziwazi kwamba atamwangalia yule atakayefanya tathmini nzuri. Wenzangu wa chuo cha ualimu wote wameshakuwa manaibu, wengine wakuu kabisa. Tukikutana kula, wao wanakaa katikati, mimi nakaa mlangoni, pale viatu vinapovuliwa. Miaka yote hii nakula supu huku nanusa soksi za watu. Kiti kile cha unaibu ni changu! Tak ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, na kwenye mkoba wake bado ana chaki.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemaliza tathmini. Nimejaza fomu yote kabla ya chai. Je, programu inamsaidia mtoto anayechelewa kuelewa? Sana. Je, inafanya kazi mtandao ukiwa dhaifu? Sana. Je, mwalimu amesoma mwongozo? Sana. Baada ya hapo nikaifungua Tokkebi kwa mara ya kwanza. Lile zimwi likanipungia mkono. Nikaona sikukosea.

Tak yeye, nasikia, leo kazima mtandao makusudi katikati ya kipindi aone watoto watafanyaje. Halafu kaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, miguu imekunjwa kama panzi, aone kama maandishi yanasomeka kutoka pale. Nikamuuliza kwani kuna mtu kamlazimisha. Akasema, "Mwalimu Pyo, kama sijui kinavyoharibika, nitajuaje kinavyofaa?" Kiherehere tu. Mtu mzima anajitafutia matatizo kwa mikono yake.

Jumatano, 16 Oktoba

Maoni ya wanafunzi yanahitajika pia. Sawa. Niliwaandikia ubaoni mfano mmoja mzuri ili wapate mwanga, nikatoka kwenda kujaza maji kwenye birika. Jioni Mwalimu Mkuu kaniita. Kashika karatasi za darasa langu. Kaniuliza kwa upole inakuwaje watoto wa miaka kumi na moja, darasa zima, wameandika "kwa uzoefu wangu wa muda mrefu katika ualimu".

Nikamwambia ni watoto makini. Hakucheka. Kaniambia kesho waandike upya, na mimi nisiwepo darasani, Mwalimu Tak atawasimamia. Tak! Darasani kwangu! Kweli mchanga umetiwa kitumbuani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maoni mapya yamekuja. Wengi wanasema Tokkebi anachekesha. Mmoja kaandika kwamba anampenda Tokkebi kwa sababu hakasiriki anapoulizwa swali mara mbili, tofauti na watu wengine. Sijui ni nani huyo anayekasirika. Nimekasirika sana.

Lakini sijakaa bure. Somo la wazi linafanyiwa mazoezi. Hilo kila mwalimu anajua, hata kama siku hizi wanajitia hamnazo. Mwalimu wangu mwenyewe alitufundisha: anayejua jibu anyoshe mkono wa kulia, asiyejua anyoshe wa kushoto, mgeni ataona msitu wa mikono na atafurahi. Basi leo nimefundisha somo lote la Jumatano kwenye Tokkebi, kujumlisha sehemu, kwa maswali yaleyale. Kisha tena. Kisha mara nyingine kabla ya kengele. Watoto wamepata yote.

Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Wakipata yote, mkaguzi atanusa kitu. Lazima mmoja akosee, Tokkebi amsahihishe, mtoto aelewe, watu wapige makofi. Nikamchagua Sol. Huyu ndiye bora kuliko wote kwa hesabu, na ana uso unaoaminika. Swali la tatu, nusu ukijumlisha theluthi, yeye ajibu "mbili ya tano". Hilo ndilo kosa la kawaida, mtu anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Tokkebi akimwambia ajaribu tena, ndipo aseme "tano ya sita", na ashangae.

Sol kanitazama kama mtu aliyeambiwa avae viatu vya kushoto miguu yote miwili. Akasema, "Lakini Mwalimu, mimi nalijua." Nikamweleza kwamba ni sanaa. Akauliza sanaa inalipwa nini. Tukakubaliana aiskrimu. Watoto wa siku hizi hawana haya.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mazoezi asubuhi, mazoezi mchana. Sol anakosea vizuri ajabu. Ila nimemkataza ile sehemu ya pili ya kujisahihisha, maana anaisema haraka mno, tutaiweka siku yenyewe. Kwa hiyo sasa anakosea tu, kisha tunaendelea.

Jioni chakula cha walimu wote. Nilichagua mahali mimi, kule mtaa wa Yeongsanpo, kwa samaki taa aliyevundikwa, ile fahari ya mji wetu. Nikajipenyeza hadi ubavuni mwa Mwalimu Mkuu. Nikamwekea kipande kinono zaidi sahanini. Akakiweka mdomoni, machozi yakamtoka, akashika meza. Nikajua ameguswa.

Kumbe yeye ni mtu wa milimani, samaki yule hajawahi kumla, harufu imempanda puani hadi utosini. Tak, aliyekaa mlangoni, alikuwa keshamwagizia tambi za moto bila kuulizwa. Mwalimu Mkuu akahama na bakuli lake akaenda kukaa naye. Mlangoni! Kwenye viatu! Nikabaki katikati na sahani nzima ya samaki, hakuna wa kuongea naye.

Jumapili, 20 Oktoba

Mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamsimulia mpango wa Sol. Akaacha kumenya peari. Akasema, "Baba Do-yun, mama yake Sol si ndiye yule mwenye duka la dawa mbele ya kituo cha basi? Yule aliyemrudishia daktari cheti cha dawa aandike upya?" Nikasema ndiye. Akasema, "Na atakuwepo Jumatano?" Nikasema wazazi wote wamealikwa. Akarudi kwenye peari yake. Akasema tu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba nguo yangu ya Jumatano ipo kabatini.

Wanawake hawaelewi mambo ya cheo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tak kanisimamisha kwenye ngazi. Kaniuliza kama nimesoma ile sehemu ya mwongozo inayosema Tokkebi anamkumbuka kila mtoto, na kwamba mwalimu akitaka kujaribu tu apitie mlango wa wageni, ambako hakumbuki kitu. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejali.

Sikuzaliwa jana. Anataka nibadilishe mpango dakika za mwisho nivurugikiwe. Nikamjibu kwamba kumbukumbu nzuri ni sifa, si kasoro, na kwamba chaki yake haikumbuki chochote. Akainama, akapita zake. Nilimkomesha vizuri sana.

Mazoezi mawili leo. Sol kauliza aiskrimu iko wapi. Baada ya kazi, nikamwambia.

Jumatano, 23 Oktoba

Nitaandika yote, ili siku moja haki ijulikane.

Wazazi walijaa hadi dirishani. Mkaguzi, mzee mwembamba asiyetabasamu, kakaa kiti cha katikati. Mama Sol kakaa mbele yake, mkoba magotini, kafunga duka kwa ajili ya siku hii. Nikawasha skrini kubwa. Tokkebi akaruka, akapunga rungu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi uwanjani, "Karibuni tena, darasa la tano! Somo hili mmelifanya kila siku. Hongereni kwa kutochoka!"

Mkaguzi akatoa kalamu. Nikakohoa. Nikasema ni salamu yake ya kawaida.

Swali la kwanza. Sijamaliza kulisoma, majibu yote yamefika. Swali la pili, majibu yalifika kabla sijafungua mdomo. Mzazi mmoja akasema lo, watoto hawa ni watabiri. Nikatabasamu. Moyoni nasema, Sol, mwanangu, tuokoe.

Swali la tatu. Sol akasimama, akasema "mbili ya tano" kwa uso uleule mzuri. Nikangoja Tokkebi amwambie ajaribu tena. Lile zimwi likateremsha rungu. Likakunja uso kwa huruma. Likasema, "Sol, tangu Ijumaa swali hili linakushinda kila mara. Usijali. Labda bado ni gumu kwako. Turudi mwanzo kabisa." Na kwenye skrini, kubwa kama mlango, jina la Sol, na chini yake peari mbili. "Hizi ni peari ngapi? Unaweza kutumia vidole."

Darasa likaangua kicheko. Sol hakucheka. Akaninyoshea kidole, akasema huku analia kwamba analijua, ni tano ya sita, amelijua tangu kiangazi, ni Mwalimu aliyemwambia akosee, na amekosea kila siku kama alivyoambiwa, na aiskrimu hajapewa.

Roho iliniuma. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Iliniuma kwa muda.

Mama Sol alisimama taratibu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akaniuliza, "Mwalimu, nimefunga duka nije kumwona mwanangu. Umenionyesha nini?" Nikageukia skrini niizime. Tokkebi akawahi, akasema, "Jaribu tena! Ni peari ngapi?"

Na mtu aniambie, hii ni programu ya aina gani isiyojua kusitiri? Umeilea wiki nzima, unaisifia kwa maandishi, siku ya wageni inakuumbua!

Kipindi kilichofuata ni cha Tak. Nimekaa nyuma, natamani sakafu ipasuke. Mtandao ukakatika. Watoto wake wakaendelea kuandika kama vile hakuna kilichotokea. Mtandao uliporudi na majibu kupanda ubaoni, nusu yalikuwa makosa, kila mtoto na kosa lake! Nikafarijika. Aibu iliyoje, watoto wanakosea kweli kweli mbele ya mkaguzi. Lakini Tak akachukua kosa la mtoto mmoja, akamuuliza amefikaje pale, na darasa zima likabishana hadi kengele ikagonga. Mkaguzi alikuwa ameinama mbele, kasahau kuandika. Dunia imeharibika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Jana niliitwa ofisini. Ubao Mweupe umechaguliwa. Mwalimu Mkuu kasema Tokkebi si mbaya, tena Jumatano ndiye pekee aliyesema kweli kwenye darasa langu. Jina litakalopendekezwa kwa unaibu ni la Tak. Akaniagiza nikaombe radhi.

Jioni hiyohiyo nikaenda duka la dawa. Mama Sol alinipa kichupa cha dawa ya tumbo bila kuniuliza naumwa nini, akaonyesha kwa kidevu nyuma ya kaunta. Sol alikuwa pale anafanya hesabu. Nikamwinamia, nikampa aiskrimu. Akasema haitaki. Anataka niseme mbele ya darasa kwamba analijua. Nimesema leo asubuhi, kwa sauti, na yeye akasimama kuhakikisha. Watoto wakapiga makofi. Ile aiskrimu niliila mwenyewe jana njiani, ilikuwa inayeyuka.

Mwalimu Mkuu ana huruma, hilo namkubalia. Kanipa nafasi nyingine. Mwezi ujao nirudie somo la wazi kwa Ubao Mweupe, mkaguzi atakuja tena, Tak atakaa nyuma, na likienda vizuri jina langu litafikiriwa mwaka unaofuata. Sharti ni moja, hakuna mazoezi hata kidogo. Nikainama hadi kichwa kikakaribia meza. Nikasema nimejifunza.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, nami sijafungua hata mdomo kuhusu mpango. Sijui alijuaje.

Maana nimeshauliza, tena mara mbili, na safari hii mwongozo nimeusoma. Ubao Mweupe hauongei. Ukifuta, umefuta, haukumbuki mtu. Tunaanza mazoezi Jumatatu, mapema, kabla Tak hajafika. Swali la tatu libaki lilelile, ni zuri. Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo nimeshalirekebisha: safari hii atakayekosea ni mtoto ambaye mama yake siku hiyo yuko kazini.