Mkakati wa Kumpasha Bosi Joto

Ilitangazwa rasmi, mbele ya bomba la maji, kwamba baridi haitaruhusiwa tena kuingia uani.

Mtoa tangazo alikuwa Gustave, msimamizi wa nyumba moja kuukuu ya Bellevue iliyokatwakatwa vyumba mpaka aliyeijenga asingeitambua. Alivaa suti na skafu, maana Mei ya 2018 ilikuwa inaishia na nyasi za Johannesburg zilishakauka.

"Kuanzia leo," alisema, "tunaingia awamu ya utekelezaji."

Wapangaji waliangaliana. Clémentine, msusi kutoka Bukavu, ambaye kioo cha dirisha lake kilivunjika zamani na pengo likazibwa kwa ubao, aliweka ndoo chini kwa furaha.

"Mungu asante. Papa Gustave, unaanza na chumba yangu?"

"Maman Clémentine," Gustave alijibu kwa upole wa mwenye mamlaka, "hapa tunamzungumzia mbwa."

Mbwa mwenyewe aliitwa Bosi, jibwa la kahawia lenye umri mkubwa na hasira kidogo. Lilikuwa la mwenye nyumba, Madam Jelimo, Mkenya wa benki, aliyehamia upande wa kaskazini wa jiji kwenye majumba ya geti ambako mbwa wakubwa hawatakiwi. Alimpenda Bosi kwa dhati, akamwacha mikononi mwa Gustave. Wiki ile alikuwa ametuma ujumbe wa sauti:

"Gustave, baridi imeingia. Mjengee Bosi kibanda kidogo, kimtoshe tu, ndiyo joto la mwili wake lisipotee. Kiinue, kisiguse chini. Ndani weka nyasi kavu, si blanketi. Blanketi inashika maji. Na mlango usiangalie upepo. Nitakuja kumwona mwezi wa saba."

Gustave aliusikiliza akahuzunika. Kazi yote hiyo ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Na mwenye cheo akimaliza jambo kabla ya chakula cha mchana, watu huanza kujiuliza anafanya nini baada yake.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Joto la Wanyama. Mwenyekiti alikuwa Gustave. Mjumbe alikuwa Placide, fundi cherehani wa chumba cha mbele, aliyeteuliwa kwa busara yake: hajawahi kupinga kitu.

"Naunga mkono," alisema Placide, kabla hajaambiwa kuna nini.

Vikao vilifanyika ofisini kwa Gustave, chumba kikubwa cha upande wa jua, chenye hita iliyowashwa kutwa nzima kwa ajili ya utafiti.

"Madam ni mtu wa benki," alisema Gustave akiota moto. "Mbwa wa mtu wa benki akae ndani ya kasha?"

"Hapana," alisema Placide. "Yaani ndiyo. Yaani hivyo unavyosema."

Ikaazimiwa kwamba kibanda kiwe kirefu, mgeni rasmi aweze kuingia bila kuvua kofia. Sakafu iwe ya vigae juu ya ardhi tupu, kwa kuwa vigae hung'aa pichani. Nyasi zilikataliwa kwa sababu zingeturudisha nyuma kimaendeleo. Mlango ulielekezwa kusini, kwenye geti, ili wapita njia waone kazi inavyofanyika. Upepo wa baridi nao hutoka kusini, lakini haukualikwa kikaoni.

Kisha mbao zikapungua, na hapo mkakati ukawafikia wananchi. Gustave alibisha hodi kwa Clémentine akiwa na nyundo, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Papa Gustave, iyo mbao ndiyo inanizibia mupepo!"

"Mchango wako unatambuliwa."

"Benita anakohoa. Usiku yote mtoto anakohoa!"

"Kukohoa kwa binadamu hakumo katika hadidu za rejea."

"Hadidu ni nani? Anaishi wapi? Niende nimuombe."

Placide, aliyeshika misumari, alimtazama yule mtoto aliyeviringishwa kitenge kitandani. Akafungua mdomo. Akaufunga. "Naunga mkono," alisema kwa sauti ndogo sana, hata mwenyekiti akamwamuru arudie.

Clémentine alifunga mfuko wa unga dirishani, akasukuma kitanda hadi kona ya mbali, wakawa wanalala mama na mtoto wamekumbatiana kama ndizi za kichane kimoja. Kikohozi hakikujali.

Kibanda kilizinduliwa kwa utepe. Bosi aliongozwa ndani, kamati ikapiga makofi. Mbwa alisimama katikati ya vigae. Upepo ukaingia, ukamzunguka, ukatafuta pa kukaa. Bosi alitazama dari. Dari ilikuwa mbali. Akatoka taratibu bila kubweka, akavuka ua, akasukuma mlango wa Clémentine kwa pua, akapanda kitandani na kujilaza nyuma ya mgongo wa Benita.

Clémentine aliinua kandambili amfukuze. Kisha akapitisha mkono chini ya blanketi, akasikia joto lililokuwa likimtoka yule mnyama, kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Akashusha kandambili.

Gustave alimwandikia Madam: "Mnufaika ameupokea mradi kwa hisia kali."

Madam Jelimo alikuja Julai, siku ambayo upepo wa kusini ulikuwa unakata masikio. Honi ilimkuta Gustave kwenye utafiti wake. Alitoka mbio akifunga vifungo.

"Bosi yuko wapi?"

"Yuko nje ya kituo, Madam. Kikazi."

"Na hii ni nini? Gereji?"

"Ndicho kibanda."

"Si nilisema kidogo?"

"Kamati ililitazama hilo neno kwa mapana yake."

Madam aliingiza mkono mlangoni, akautoa haraka. "Gustave. Hii ni friji."

Mtu wa ofisi anaweza kukiri wizi, anaweza hata kukiri mke wa pili. Lakini kukiri kwamba mradi umeshindwa!

"Hiyo baridi ni ya mlangoni tu, Madam. Kule ndani kabisa pana joto. Hata mimi ningeweza kukaa humo nikaendesha ofisi."

"Kweli?"

"Kwa heshima zote."

"Ebu ingia."

Akaingia, akaketi juu ya vigae. Wapangaji walianza kusogea mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake tupu.

"Uko aje huko ndani?"

"Jo-jo-joto ni la kuridhisha, Madam."

Jelimo akamgeukia fundi cherehani. "Wewe ni wa kamati. Unaonaje?"

Placide aliangalia chini, akaangalia dirisha lenye mfuko wa unga, kisha akakohoa kidogo. "Mwenyekiti ana joto, Madam. Napendekeza abaki."

Ilikuwa hoja yake ya kwanza maishani, na uwanja mzima uliiunga mkono.

Mara Bosi akabweka kutoka chumbani kwa Clémentine. Alikuwa ametambua sauti. Jelimo akafuata. Hakuwa ameingia chumba hicho tangu anunue nyumba. Gustave alikuwa akimwarifu kwamba vyumba vina hewa ya kutosha. Sasa aliiona hewa yenyewe. Aliona mfuko unavyotuna na kunywea, matundu ya misumari, mtoto, na mbwa wake chini ya blanketi la mtu mwingine.

"Mama Benita," alisema polepole, "unajua kodi ya hii chumba naichukua mimi?"

"Najua, Madam. Ata imbwa anajua."

Jelimo aliketi ukingoni mwa kitanda na koti lake la sufi. Alipotoka nje uso ulikuwa umemwiva. Clémentine na mtoto watahamia leo chumba cha upande wa jua, alisema, pamoja na hita na Bosi. Dirisha litiwe kioo. Na ofisi ya Gustave ibaki hapo ilipo sasa, maadamu joto linaridhisha.

"Madam," sauti ilitoka kibandani, "labda tungeunda kikosi kazi cha—"

Gari lilikuwa limeshawaka.

Gustave aliendesha ofisi kutoka kibandani siku zilizofuata, na suti yake na skafu yake. Wapangaji walipita wakimsalimia kwa adabu, "Papa Gustave, joto iko?" Naye angejibu nini? "La kuridhisha." Mpaka alasiri moja, midomo imekuwa ya zambarau, akabisha chumba cha upande wa jua.

"Maman Clémentine, naomba... naomba nafasi ya kikao."

Clémentine alimpima kutoka skafu hadi viatu. Nyuma yake Benita alikuwa amelala fofofo juu ya mbwa.

"Vua viatu. Ukae chini, karibu na mlango. Na usiseme kitu, Papa. Bosi analala."

Gustave akavua viatu, akaketi, akanyamaza. Kikao kilidumu mpaka jua kuzama, wala hakikutoa azimio lolote.