Nilivyoyaponda Maua ya Mama Pale Malaba

Leo nimeaibika mchana kweupe, pale Malaba, mbele ya umati na dereva mmoja wa lori aliyezima injini ili asikie vizuri. Nimerudi nyumbani na ndala moja. Nawaambia nyinyi kwanza kabla hamjaletewa na wengine, maana wataongeza chumvi.

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni maua ya karatasi. Nayatengeneza hapa Busia, nauzia watu wa harusi, makanisa, na vinyozi wanaotaka kioo kipendeze. Wengi hamjui kwamba kazi hii ilikuwa ya mama. Yeye alikunja, mimi nikauza. Yeye kuuza hakuweza kabisa, mtu akisifu ua anampa bure (nilimfukuza sokoni mwenyewe). Mimi niliuza kila kitu. Alipofariki mwaka juzi nikatafuta ua lake moja tu niliweke ndani, sikupata. Hata lile lililokuwa juu ya redio nilishaliuza kwa mwalimu fulani, nikijua mama atakunja lingine.

Tangu hapo, kila nyumba nikiingia naangalia ukutani. Matangani naangalia. Kwa daktari wa meno naangalia. (Alidhani namwogopa.)

Basi leo asubuhi karatasi nyekundu za krepu zilikuwa zimeisha Busia yote. Nikaenda Malaba, nikanunua bunda langu. Nikitafuta pikipiki ya kurudi, nikapita kwa mama mmoja anayeuza vyombo vya mtumba: sahani, birika, vikombe visivyo na wenzao. Ni mmoja wa wale wanaovuka kutoka upande wa Uganda asubuhi na kurudi jioni. Katikati ya birika zake, ndani ya jagi la kioo, kulikuwa na mawaridi saba ya karatasi.

Niliganda. Mamangu alitumia mkono wa kushoto, na mawaridi yake yote yalizunguka kuelekea upande ambao sisi wengine hatuwezi. Nimejaribu miaka miwili kukunja hivyo, mikono inakataa. Haya saba yalikuwa yanazunguka kushoto, kila moja. Yamepauka, yana vumbi, lakini ni yake. Nilitamani kumkumbatia yule mama pamoja na jagi lake.

Mtu mwenye akili angesema, "Mama, haya ni ya mamangu marehemu, tafadhali niuzie." Lakini mimi nimekulia sokoni. Sokoni ukionyesha unataka kitu, umekwisha. Nikaweka uso wa mtu aliyepotea njia, nikashika sahani.

"Hii ni ngapi?"

"Hiyo hamsini, nyabo." (Ndivyo kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima.)

"Na haya makaratasi?"

(Makaratasi! Mungu nisamehe.)

"Hayo ni mia nane."

"Mia nane! Si hiyo nanunua maua ya ukweli na chenji inabaki?"

"Basi nunua ya ukweli."

Hapo mdomo ukaanza kujiendesha. Nikamwambia yamepauka. Nikamwambia yana vumbi la tangu barabara haijawekwa lami. Nikalitoa moja, nikaligeuzageuza, nikitamani kulinusa, halafu nikasema kwa sauti ya kusikika na jirani zake, "Na hata yamekunjwa kinyume! Huyu fundi alikuwa amelala ama alikuwa mlevi?"

Mamangu hakuonja pombe maisha yake yote. Aliimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisa. Lakini nilikuwa nimeshaingia, nitarudije nyuma?

"Nitakupea mia mbili," nikasema, "nikusaidie kutoa hii uchafu kwa meza."

Akanitazama tu. "Nyabo, hiyo mia mbili weka. Utakunywa soda."

Ikabidi nitumie silaha ya mwisho: kuondoka. Mnaijua. Unaondoka polepole, unaitwa, "Kastoma rudi, ongeza kidogo!" Nikaondoka. Nikapita meza ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Nikainama kufunga kamba za viatu (nimevaa ndala). Kimya kabisa. Nikageuza jicho moja.

Mzee mmoja mwenye koti kubwa alikuwa ameinua jagi lote, mkono wa pili unaingia mfukoni.

"Mzee, wacha! Hayo ni ya mamangu!"

Nilikimbia. Ndala moja ikabaki kwa watu wa nyanya na sijaiona tena. Bunda la krepu likafunguka, karatasi nyekundu ikaburuzika nyuma yangu hadi pale mezani. Watu wa boda wakatoka mbio, maana mwanamke akikimbia Malaba kuna kitu kimeibwa.

"Nani ameiba?"

"Ni huyo mzee!"

Mzee wa watu akainua mikono juu, jagi nalo juu. "Mimi nanunua tu! Mimi nanunua tu!"

Mama wa vyombo akasimama polepole. "Ngojeni. Nyabo, unasema ni ya mama yako?" Akageukia umati. "Mama yake ndiye yule fundi mlevi!"

Walicheka jamani. Hapo ndipo dereva wa lori alipozima injini.

"Mama, ilikuwa ni bei tu," nikajitetea, "nilikuwa napatana." Akanikazia macho. Halafu akaanza kutikisa kidole.

"Banange! Ni wewe! Si ni wewe uliniuzia haya, pale Busia? Mimi naomba upunguze ishirini tu, unakataa! Uliniimbia sifa mpaka nikakupea pesa ya nauli."

Nilitaka ardhi ipasuke niingie. Sikumkumbuka hata kidogo. Nimeuzia watu wengi sana.

Akakunja mikono. "Sasa yasifu vile uliyasifu hiyo siku. Hawa wote wasikie. Ukikataa, mzee anaenda nayo."

"Na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza," mzee akasema, sasa amepata nguvu.

"Sifu, sista!" watu wa boda wakapiga kelele.

Nikasifu. Mguu mmoja na ndala, mmoja kwenye vumbi. Nikasema haya maua hayataki maji, hayajui kiangazi. Mgeni akija yapo, akienda yapo. Ncha zake zimepitishwa kwenye nta ya mshumaa, vumbi likikaa unafuta kwa kitambaa. Hakuna mashine hapa, ni mkono wa mtu, na mkono wenyewe ni wa kushoto, tafuta mwingine kama huo mpaka Kampala hupati! Maneno yalikuja yote, sikujua bado ninayo. Hata aibu ilinitoka. Mzee akaniangalia, akaangalia jagi.

"Kama ni hivyo," akasema, "mimi naongeza mia mbili."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nikamalizia kama nilivyomalizia na kila mteja, miaka yote ile: "Na jani likitoka, mama, usitupe. Niletee. Mamangu yuko nyumba..."

Neno halikuisha. Nililia. Na si kile kilio cha heshima cha kujipangusa na leso. Nililia kwa sauti, makamasi, mabega yanaruka, nimeshika meza ya vyombo mpaka vikombe vinagongana. Nilikuwa nikisema maneno hayo wakati ni kweli yuko nyumbani, ameketi mlangoni na mkasi, ananingoja nimwambie leo yameenda mangapi.

Mtu wa boda akajaribu kusaidia. "Sista, hata ukilia bei haishuki."

Mama wa vyombo akalichukua jagi mikononi mwa mzee. "Mzee, wewe chagua birika." Akanifuta uso kwa kitambaa cha kupangusia sahani. "Pole, nyabo. Alikuwa fundi."

"Alikuwa fundi," nikasema.

"Haya. Lete mia nane."

"Mia saba?"

(Naapa sijui ilitoka wapi. Machozi bado yanashuka!) Akanitazama. Nikatoa mia nane. Jagi alibaki nalo, lina bei yake.

Sasa mawaridi yako mezani, ndani ya kikombe. Nimejaribu kufuatisha moja, mkunjo kwa mkunjo, kwa mkono wa kushoto. Limetoka kabichi. Nina hamu naye leo kuliko hata siku tulipomzika, siku ile nilikuwa na wageni wa kulisha.

Jirani yangu ameingia kuomba chumvi, akayaona. "Hayo mazuri. Unauza ngapi?"

"Hayauzwi."

"Hata elfu mbili?"

Nikapiga hesabu kidogo (mimi bado ni mimi). "Hayauzwi."

Haya, chekeni, najua mmeshaanza. Ila ukikuta kazi ya mama yako inauzwa mahali, lipa bei ya kwanza uliyotajiwa.