Maiti za Bakteria Kwenye Birika

Jumamosi, 10 Januari 1998

Nimeamka na hofu. Mvua haijakoma tangu kabla ya Krismasi, vyoo vya mtaa wetu wa Ngarenaro vimefurika, na redio imetaja tena kipindupindu. Nimezima redio. Haikusaidia.

Zimebaki siku saba niende kwa wakwe. Jumamosi ijayo, huko mlimani, kwa Mzee Sumari, kumwomba binti yake Esther. Mimi Ndesanjo, miaka thelathini na minane, muuza viatu vya mitumba, mwenye kibanda chake mwenyewe. Nikivuruga posa hii sitapata nyingine. Dada Tekla, ninayeishi naye, amesema hivyo akinimiminia uji, wala hakupunguza sauti.

Mchana nikapita zahanati kutafuta dawa ya miguu. Inawasha kati ya vidole, inawasha hadi nacheka. Abdiel alikuwa zamu. Huyu Abdiel ni tabibu, ana koti jeupe, na mwaka juzi alimpelekea Esther kadi ya Pasaka. Sijasahau! Amebandika bango jipya ukutani: vidudu vinne vinavyoambukiza magonjwa. Bakteria kama vijiti. Virusi kama mipira yenye miiba. Fangasi kama nyuzi za ukungu. Na vimelea, ambapo mchoraji ameweka mnyoo mwenye meno. Meno! Nikasimama pale mpaka watu wa foleni wakanisukuma.

Nikamwuliza Abdiel vidudu hivyo viko wapi. Akasema viko mikononi, kwenye maji, kwenye chafya, hata ndani ya viatu vya watu. Aliposema viatu akatazama vyangu. Ni vya ngozi, vya Italia, nimevitoa kwenye belo na kujiwekea kwa ajili ya posa. Eti fangasi wangu wametoka humo. Akanipa dawa ya kupaka na kuniambia nivitupe. Wivu mtupu.

Jumapili, 11 Januari

Kanisani sikumpa mtu mkono. Mchungaji aliponyoosha wake niliinama tu, kwa heshima kubwa. Mama mmoja wa kwaya akapiga chafya nyuma ya shingo yangu. Nikahisi ile mipira yenye miiba ikinitua, mmoja mmoja.

Jumatatu, 12 Januari

Mafua! Nilijua.

Nimemeza rangi mbili, kidonge chetu kile cha siku zote, nusu chekundu nusu njano. Kingine nimekifungua na kunyunyiza unga wake kati ya vidole vya miguu, kama marehemu mama alivyotufanyia vidonda. Dawa ya Abdiel nimeitia kabatini. Siwezi kujipaka kitu kilichotoka kwa adui.

Jioni Abdiel akapita kibandani, akaona ganda la kidonge. Akasema rangi mbili inaua bakteria peke yao. Virusi haviijui kabisa, na fangasi hata wanafurahi, maana majirani zao wameondolewa. Mafua yataisha yenyewe, nipumzike na kunywa maji mengi. Sasa kungoja nako ni dawa? Alipoondoka nikameza vingine viwili.

Jumanne, 13 Januari

Mshenga wangu, Mzee Solomoni, amekuja kunifundisha taratibu. Wakwe watatoa mbege, pombe yao ya ndizi, ndani ya kata moja ya kibuyu. Mkwe atakunywa kwanza, mshenga atafuata, mimi wa tatu, kisha kata itazunguka ukoo mzima. Sitakiwi kuipitisha bila kunywa. Kuikataa ni kuidharau nyumba.

Nikamwuliza midomo mingapi. Akahesabu kwa vidole. Kumi na mitano.

Midomo kumi na mitano kwenye kata moja, mwaka wa kipindupindu! Nikajifunika koti hadi kichwani, hata Mzee Solomoni akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia bado.

Jumatano, 14 Januari

Nimegombana na dada Tekla kuhusu maji. Yeye huyachemsha. Leo nimefunua birika lake nikaonyesha ushahidi: magamba meupe, yamejaa kwenye kuta zake na chini. Nikamweleza kwa upole kwamba hizo ni maiti za bakteria. Amewachemsha, wamekufa, na makaburi yao ndiyo haya. Nani mwenye akili anakunywa maji ya makaburini?

Akasema ni chumvi za maji ya huku kwetu, zimekuwepo kwenye kila birika tangu hatujazaliwa. Akanywa kikombe kizima mbele yangu, akanitolea macho.

Mimi nina maji yangu. Krismasi nilinunua chupa kubwa ya maji mjini, yale yanayoletwa siku hizi kwa ajili ya watalii, yenye picha ya theluji. Yaliisha siku ile ile, lakini chupa ninayo. Kila Alhamisi nikienda kuuza mnadani Ngaramtoni huijaza kwenye mfereji unaoshuka kutoka mlimani. Maji meupe, ya baridi, hayana hata maiti mmoja.

Alhamisi, 15 Januari

Ngaramtoni. Nimejaza chupa. Lengai, mfugaji anayenunua makobazi kwangu, akaitazama chupa, kisha akasema ng'ombe wake nao hawataki maji mengine. Hushinda humo humo asubuhi yote, kule juu. Nimefurahi sana. Ng'ombe hadanganyiki.

Nikiwa njiani kurudi, mpango ukanijia wote kwa pamoja. Nitakwenda na chupa kwenye posa! Nitawaeleza wazee habari za vidudu vinne, kisha niwakaribishe wanywe maji safi badala ya kata. Nitaepuka midomo kumi na mitano, nitaonekana msomi, na Abdiel atasikia habari zangu na kuvua koti lake.

Jumamosi, 17 Januari

Mungu wangu.

Tulikaa vizuri. Shikamoo zikapokelewa, Mzee Solomoni akasema maneno yake, wakwe wakacheka panapotakiwa kucheka. Kata ikaja. Mzee Sumari akanywa, akafuta masharubu. Mzee Solomoni akanywa. Ikafika kwangu. Nikaona povu. Ndani ya povu nikamwona mnyoo mwenye meno, naapa.

Nikasimama na kata mkononi. Nikahutubia. Nilipofika kwenye virusi nikapiga chafya, tatu mfululizo, ndani ya kata. Nikaendelea, maana hotuba ilikuwa bado. Kisha nikatoa chupa na kuwakaribisha.

Mzee Sumari akaniuliza taratibu kama huko kwetu wanaamini nyumba yake ina ugonjwa. Mzee Solomoni akaanza kutafuta kofia yake. Nilijua imekwisha. Miguu ikaniwasha palepale, na sikuweza kujikuna.

Ndipo Esther akatoka jikoni, ingawa hakutakiwa kutoka kabla ya kuitwa. Akamwambia baba yake kwamba mgeni ameleta maji kwa nia njema, basi yeye atayaonja kwa niaba ya wote. Akachukua chupa yangu, akanywa karibu nusu, akinitazama mimi, kisha akanirudishia, nami nikanywa. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama lile. Nikatamani kulia.

Mzee Sumari akasema jibu nitalipata baada ya wiki. Wakamwaga mbege niliyoichafua, wakajaza kata upya, ikazunguka. Mimi ikanipita.

Jumatatu, 19 Januari

Tumbo. Chooni mara tisa. Damu!

Ni kipindupindu, ninakufa. Nimekaa karibu mno na ile kata, na bila shaka mvuke wake umenipata. Nimemeza rangi mbili, vidonge vitatu. Nimemwandikia dada Tekla kibanda. Viatu vya Italia nizikwe navyo.

Jumanne, 20 Januari

Mzee Solomoni ameleta habari. Esther naye anaumwa, kama mimi, tangu jana alfajiri, lakini vibaya zaidi. Wamemshusha zahanati kwa machela, kwenye matope.

Sijui nilifikaje. Nakumbuka tu kwamba nilisimama mara mbili vichakani. Mzee Sumari alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba akiangalia sakafu. Esther alikuwa na dripu. Macho yamezama, midomo imekauka, hakunitambua mara moja. Abdiel alikuwa anamshika mkono kutafuta mshipa, na kwa mara ya kwanza sikuona wivu. Niliona hofu tu. Hofu ya kweli, si ile yangu ya kila siku.

Nikasimama mbele ya bango nikaomba. Nikamwambia Mungu kwamba akimponya nitafanya lolote. Hata kunywa maji ya kuchemsha.

Jumatano, 21 Januari

Majibu yametoka. Si kipindupindu. Ni kuhara damu, bakteria wa maji machafu, sisi wote wawili. Mimi nina amiba pia, kimelea, na Abdiel anasema kinaelekea kuwa na wiki kadhaa tumboni. Ukijumlisha mafua na miguu nimelikamilisha bango lake lote, peke yangu. Alisema hivyo mbele za watu.

Kisha Mzee Sumari akafikiri kwa sauti. Walioinywea kata ni kumi na wanne, wote wazima, isipokuwa wachache wenye mafua. Walioinywea chupa ni wawili, na wote wako hapa. Akamwuliza Abdiel hilo linakuwaje. Abdiel akamweleza kwamba ndizi za mbege huchemshwa kutwa nzima, kisha zinachacha, na bakteria wengi wa tumbo hawavumilii uchachu ule. Kupokezana kata si vizuri, alisema, chafya zinasafiri nayo, lakini safari hii kata haina kesi ya tumbo. Akanigeukia. Maji ya chupa yalitoka wapi?

Nikajibu, mlimani. Ambayo ni kweli.

Akaomba chupa aipime. Nikasema imepotea. Ilikuwa kwenye mkoba, magotini pangu. Niliogopa. Naandika hivi kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 24 Januari

Esther amepona! Amerudi nyumbani, amekonda, anatembea akishika ukuta. Abdiel amewaonya kwamba mwili wake hauna akiba tena. Akipatwa na kuhara kwa namna ile mara nyingine karibuni, anaweza asiokoke.

Mzee Sumari alinipokea na kata. Mimi na yeye tu. Akanywa, akanipa. Nikafumba macho nikanywa yote, na mnyoo sikumwona. Akasema, bila kutabasamu, kwamba binti yake ameshachagua siku ile mbele za watu, naye hawezi kumpinga mtu aliyeugua kwa ajili ya chaguo lake. Posa imekubaliwa!

Esther akaniita pembeni. Akashika mkono wa shati langu. Anataka kitu kimoja tu kwangu, si khanga, si kitanda cha samadari. Maji yachemshwe. Akasema aliona kifo kimekaa kwenye kiti mle zahanati, nami niape. Nikaapa. Nililia machozi ya kweli.

Alhamisi, 29 Januari

Keshokutwa Esther anakuja kupaona kwetu, yeye na mama yake. Dada Tekla amefagia hadi barazani kwa jirani.

Asubuhi nilitimiza kiapo. Niliwasha jiko mwenyewe, nikachemsha birika zima, likatokota. Likapoa. Nikafunua. Maiti! Wengi kuliko mara zote, wengine wanaelea. Na haya ndiyo nimpe Esther, na mwili wake hauna akiba? Nilipomfikiria akiyameza nilipatwa na baridi. Tena niliapa kuyachemsha. Habari za kuyanywa hazikutajwa.

Nimekaa nikapima jambo hili kwa utulivu, bila Abdiel kunipigia kelele. Kosa lilikuwa wapi? Maji ya mfereji nimeyanywa tangu Krismasi bila neno. Kilichobadilika ni chupa. Imezeeka! Picha ya theluji imeshafutika, na mfuniko ulikuwa unanuka. Bakteria waliingia kwa sababu ya uzee wa chupa. Sishangai kwamba Abdiel, na shule yake yote, hakuliona hilo.

Nimenunua mbili mpya mjini. Ya kwanza yangu, ya pili ya Esther. Maji yaliyokuwemo nimemwachia dada Tekla aoshee vyombo, kwa kuwa siyajui yalikotoka. Kisha nikaenda mnadani. Mfereji umejaa kwa mvua hizi, una rangi kidogo ya chai, lakini maji yake ukiyaacha yakatulia yanakuwa safi kabisa. Lengai alinisalimia kutoka ng'ambo, ng'ombe wake wakiwa katikati ya maji, wanene, wana afya tele.

Nimeifunga chupa ya Esther utepe mwekundu na kuiweka kwenye kivuli ipoe. Nimemeza kidonge kimoja cha rangi mbili, kwa sababu ya woga tu. Keshokutwa, akifika amechoka na njia, nitampa anywe kabla hata hajaketi.