Mikanda ya Rubani Asiyeonekana

Jumatatu, 9 Juni

Maonyesho ni Jumamosi. Nimeamua kushinda.

Uamuzi huu si wa majivuno bali wa lazima. Mama Watoto alinitangazia leo asubuhi, pini mbili zikiwa mdomoni mwake, kwamba amechoka kushona sare za shule kwenye meza ya kulia chakula na kufua mchuzi kabla ya kutia vifungo. Anakitaka chumba changu kidogo. Nilimkumbusha kuwa kile si chumba bali ni karakana ya utafiti. Akauliza utafiti wa nini, wa plastiki? Tukapatana hivi: ndege yangu ya plastiki ikishika nafasi ya kwanza na kuwekwa kwenye kabati la vioo la chama, chumba kinabaki changu, wala hatakitaja tena. Isiposhinda, cherehani inahamia humo wiki ijayo.

Nilikubali upesi, kama mtu anayesaini kabla mwenzake hajazinduka. Mpinzani wa maana ni mmoja tu: Daktari wa Meno, katibu wa chama chetu cha waundaji wa ndege ndogo za plastiki. Vidole vyepesi, moyo mwepesi, akili nyepesi. Mwaka jana alinishinda, kisha akanipa mkono huku akicheka. Sijakisahau kicheko kile.

Hoja yangu ya msingi: ndege ya kivita ni chumba cha rubani. Mabawa, mkia na magurudumu ni vya kuwababaisha wapita njia. Nitaanzia ndani.

Jumanne, 10 Juni

Dashibodi imekamilika! Kila saa ina mshale wake, niliouchora kwa unywele mmoja wa brashi. Mshale wa mafuta nimeuelekeza karibu na mwisho, ili rubani awe na wasiwasi wa kiasi. Uhalisia huanzia hapo.

Kisha msiba. Fimbo ya usukani, kipande chembamba kama mguu wa sisimizi, ilichomoka kwenye kibano na kutoweka. Nikapiga marufuku ufagio nyumba nzima. Nikatambaa. Mama Watoto aliacha sare zake akaja kunimulikia kwa tochi ya simu, akiuliza kama huyo rubani hawezi kujitahidi hivyohivyo bila fimbo. Nilimweleza kwa upole tofauti kati ya ndege na jiwe. Akajibu kwamba jiwe, angalau, halimtambazishi mtu mzima chini ya kitanda.

Jioni binti yetu alirudi kutoka kazini, akanitazama na kusema, Baba, una kitu hapo kwenye kiwiko. Ilikuwa fimbo. Ilikuwa imenigandia tangu mwanzo, kwa gundi yangu mwenyewe.

Marufuku ya ufagio inaendelea. Kanuni ni kanuni.

Jumatano, 11 Juni

Mikanda ya kiti. Nimeikata kutoka karatasi ya fedha ya pakiti ya kahawa, nikaipaka rangi ya khaki, nikaikunja kidogo mabegani kana kwamba rubani ameinuka sasa hivi kwenda kujinyoosha. Kila mkanda una bizimu yake ya kufungia. Bizimu hizo hazionekani kwa macho ya kawaida. Binti aliniuliza, kama hazionekani, zinamsaidia nani. Nilimfundisha mantiki tangu akiwa mdogo. Sijui iliingilia wapi ikatokea wapi.

Mchana wote nimesumbuliwa na swali moja: Daktari anaunda nini? Inajulikana kuwa huunda ndege yake kliniki, nyuma ya pazia, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mpango ukanijia mzima. Nitaumwa jino.

Binti alisema si nimpigie simu tu nimuulize. Mbona ni mtu wa maneno mengi, atanieleza mpaka nimchoke. Hana fikra za kivita.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi. Shavu langu ni la mtu mwingine.

Mambo yalianza vyema. Niliketi kwenye kiti chake, nikaonyesha jino la nyuma, zima kabisa, nikaguna. Akalitazama, akasema hili halina kasoro, ila jirani yake limeoza. Alifurahi kama aliyeokota kitu. Kabla sijabadili maelezo, mdomo ulikuwa umejaa pamba, ganzi na vidole vyake. Nilipindua macho kuelekea pazia nikaiona pua ya ndege ya kijivu. Ndege ya aina ileile kama yangu! Jeuri iliyoje.

Hapo ndipo alipoanza mazungumzo. Akaniita Profesa, kama kawaida yake, kwa namna inayofanya neno hilo lisikike kama utani. Kwanza, yeye kama katibu anapendekeza ndege zote zishindane vifuniko vya vioo vya vyumba vya rubani vikiwa vimefungwa, kwa kuwa mwaka jana mgeni mmoja aliondoka na rubani mzima amenasa kwenye mkono wa sweta. Profesa anaonaje? Mpango wangu wote ulikuwa kukiacha kifuniko wazi. Nilipinga kwa nguvu zote. Kilichotoka ni sauti ya ndama pamoja na mate. Akanishukuru kwa kumuunga mkono, akavua glovu moja, akawatumia wanachama ujumbe palepale kuwa Profesa ameafiki.

Pili, aliniinamia, akaniambia kirafiki nisije nikabandika kioo kwa supaglu, ile gundi kali. Mvuke wake hukigeuza kioo kuwa cheupe, na hakuna dawa. Nitumie gundi nyeupe ya karatasi na niwe na subira. Hukauka ikawa angavu.

Nyumbani, ganzi ikinitoka polepole, niliipima kauli hiyo. Mpinzani hampi mpinzani wake ushauri wa manufaa. Daktari ni mpinzani wangu. Kwa hiyo ushauri wake hauna manufaa. Hitimisho halina ufa. Anaihofia supaglu.

Nimeinunua, chupa kubwa.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi: nusu mbili za mwili wa ndege zimekutana kama viganja vya mtu anayeomba. Chumba cha rubani kimo ndani. Kabla ya kufunga nilimwita Mama Watoto atazame kwa lenzi. Alitazama kitambo, akasema kwa sauti ya chini kwamba mikanda ile imekatwa vizuri kweli, hata yeye asingeikata hivyo kwa mkasi wake. Nilimsogezea lenzi atazame tena.

Nikabandika kioo kwa supaglu. Imara!

Alasiri: ukungu.

Umeanza pembeni, ukapanda mpaka katikati. Nimefuta kwa pamba. Nimefuta kwa leso. Upo upande wa ndani. Binti amepita, akasimama, akasema, pole Baba, kioo kimepata mtoto wa jicho. Mama Watoto amekuja, ametazama. Amerudi kwenye meza ya chakula na sijaisikia cherehani kwa muda mrefu. Ningependelea kelele.

Nimetafakari upya. Ndege za kivita hupita mawinguni. Mawingu ni mvuke. Kioo cheupe basi si kasoro bali ni hali ya hewa. Nitalieleza jambo hili kwa mwamuzi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa utulivu.

Mwamuzi alikuwa rubani mstaafu, mama mrefu mwenye kikombe cha chai mkononi na miwani iliyoning'inia kifuani. Alizunguka meza bila haraka. Mbele ya ndege ya Daktari alisimama, akasifu mabawa, akasifu rangi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kioo chake kilikuwa cheusi tii. Nilimuuliza Daktari, kwa sauti ya kusikika, alichokiweka ndani. Akacheka kicheko kile. Akasema hamna kitu, Profesa, nimepaka rangi nyeusi tu. Kama vifuniko vimefungwa, nani atachungulia? Watu wakacheka naye. Hakuona aibu hata kidogo! Chumba cha rubani kitupu, na kinasifiwa!

Mwamuzi akafika kwangu. Akavaa miwani. Akavua. Akauliza kama humo ndani kuna mtu anaoga.

Nilianza na hali ya hewa, nikaendelea na dashibodi, nikagusia mshale wa mafuta, nikafika kwenye bizimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu wa falsafa hawakuwahi kulifanya. Kisha akasema, kaka yangu, nakuamini, ila alama natoa kwa ninachokiona.

Kwa hiyo nilimwonyesha. Kisu kidogo, ncha chini ya ukingo wa kioo, msukumo wa kiasi. Supaglu, nakiri, ni imara kuliko plastiki. Kioo kilibaki mahali pake. Kilichoachia ni pua yote ya ndege, kwa mlio, na kiti cha rubani kikaruka juu kwa ustadi ambao hata viti halisi vya kurusha rubani hewani vingeuonea wivu, kikatua ndani ya chai ya mwamuzi.

Mama yule akakiopoa kwa kijiko, akakipangusa kwa leso, akavaa miwani. Akakigeuza huku na huku. Akasema mikanda imekatwa barabara, hajaona kazi safi kama hii. Nilimtaka aseme mara ya pili, na alisema.

Nafasi ya kwanza, Daktari wa Meno. Alikuja kunipa mkono. Akaniuliza kwa huzuni mbona nilitumia supaglu, ilhali alinionya.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Mama Watoto alikuwa mlangoni. Aliitazama ndege, kisha pua yake kwenye mkono wangu wa pili. Akasema chakula kipo tayari. Hakutaja chumba.

Jumatatu, 16 Juni

Cherehani imeingia chumbani mwangu asubuhi. Niliibeba mimi mwenyewe, upande mzito. Binti alishika upande mwepesi, akaniambia niinue kwa magoti, si kwa falsafa. Mama Watoto ameweka kiti karibu na dirisha na tangu hapo anaimba. Sare zinatoka bila doa. Nalazimika kukubali kuwa chumba kina mwanga mzuri.

Nimechunguza kushindwa kwangu bila upendeleo. Kosa halikuwa langu. Daktari alijua kuwa sitamwamini. Kwa hiyo aliniambia ukweli makusudi. Kumdanganya mtu kwa kumwambia kweli ni uovu wa hali ya juu, na sheria za chama hazina kifungu juu yake. Nimeanza kuandika rasimu.

La pili, na ndilo kubwa: ndege ya kivita ilikuwa finyu mno kwa uwezo wangu. Rubani mmoja, kiti kimoja, mwamuzi akavutiwa nacho kikiwa kwenye kijiko. Je, akiona viti mia mbili?

Leo mchana nimeleta nyumbani ndege ya abiria. Madirisha yake ni madogo kama punje za ufuta, na maelekezo yanasema yabandikwe karatasi nyeusi kwa ndani, kwa watu wavivu. Kila abiria atakuwa na mkanda. Baadhi watakuwa wamelala.

Nafanyia kazi kwenye meza ya kupigia pasi, sebuleni, mpaka nguo zitakapohitajika. Nimeanza na choo cha nyuma. Mlango wake unafunguka.