Madirisha Mia Tatu na Kumi na Mawili

Jumatatu, 4 Machi
Mama Studio, bosi wetu, katangaza: Ijumaa anateua msimamizi wa chumba cha kompyuta. Tuko wawili tu, mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Kazi hapa nilimtafutia mwenyewe. Leo ndiye mpinzani! Ila nina silaha. Nimetengeneza programu ya kugonga mhuri wa studio kwenye picha. Unabofya picha kwa kitufe cha kulia, menyu inashuka, unachagua "Gonga Mhuri". Basi. Nimeijaribu kwa picha moja. Imeteleza kama sabuni.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kauliza kama nimeijaribu kwa picha nyingi kwa mpigo. Nikamjibu kuwa aliyeweza moja kaweza mia. Akasema haya, shem. Hiyo "haya, shem" yake siipendi. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Machi
Aibu! Onyesho mbele ya bosi na mwalimu mkuu aliyefuata picha za wahitimu wake. Nikachagua zote 312, nikabofya, nikakunja mikono kifuani. Programu ikafunguka. Ikafunguka tena. Na tena. Kila picha na dirisha lake! Kompyuta ikavuma kama mashine ya kusaga. Mwalimu mkuu akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo mihuri. Bosi akaamuru nifunge yote. Kila dirisha likaniuliza kama nina hakika. Nimejibu ndiyo mara 312. Kidole hakikunjiki.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji anasema menyu inaiita programu upya kwa kila picha. Picha zote ziwekwe kwenye orodha moja, programu iitwe mara moja, ikabidhiwe orodha. Akaniuliza kama nilipojenga nilimwita fundi upya kwa kila tofali. Mtu niliyemfundisha kufunga tai! Nikamfukuza mezani kwangu. Akaenda mezani kwake, dirisha moja, picha zote 312 zikagongwa mihuri kabla chai yake haijapoa. Nani kamtuma?

Ijumaa, 8 Machi
Kateuliwa shemeji. Mke wangu anashangilia, eti cheo kimebaki nyumbani. Nyumbani kwa nani?
Lakini nimegundua kilichoniangusha. Kufungua hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kufunga. Nimetengeneza programu mpya: unabofya dirisha kwa kitufe cha kulia, unachagua "Funga", linajifunga bila maswali. Nimeijaribu kwa dirisha moja. Sabuni! Jumatatu naionyesha mbele ya wote, kwenye kompyuta ya msimamizi mpya.