Kumwogesha Afande

Jumatatu, 4 Julai

Mama mkwe kasafiri kwenda kumwangalia dada yake. Atarudi Jumamosi. Kabla ya kuondoka alituita wawili, mimi na mwanyumba wangu, yule mpiga picha aliyemwoa dada wa mke wangu. Akasema chumba chake cha mbele, chenye dirisha la barabarani, atampa yule atakayemwona anajua kutunza kitu. Mwanyumba anataka studio. Mimi nataka pa kunyolea. Miaka kumi na mmoja nanyoa chini ya turubai, nimechoka kugombana na upepo.

Mbwa wake, Afande, kaachwa kwangu. Bahati iliyoje! Ila anajikuna. Kipupwe kimeingia, hewa kavu, mgongo wake umejaa magamba meupe. Mke wangu akashauri tumwite daktari wa mifugo. Nikamuuliza nani hapa ndani ana cheti cha unyozi ukutani. Mba ni mba tu.

Jumanne, 5 Julai

Nimemwogesha kwa maji ya moto na sabuni ya mba. Akang'aa! Saa moja baadaye anajikuna tena, mguu unagonga mlango mpaka jirani akaja kuuliza tunajenga nini. Nikamwogesha mara ya pili, nikamlaza karibu na jiko akauke. Mke wangu akasema maji ya moto yanamkausha. Maji yanakausha! Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 6 Julai

Mara tatu leo. Afande akiona ndoo anaingia uvunguni. Mwanyumba kapita, eti kusalimia. Kamera shingoni. Akamhurumia Afande kwa sauti tamu, akampiga picha akijikuna, kisha akaniuliza kama nalala vizuri. Anakusanya ushahidi, huyo. Nikamkaribisha chai kwa meno ya nje.

Alhamisi, 7 Julai

Mara mbili. Magamba yamezidi. Nikaona dawa ni kumpunguza nywele, ngozi ipumue. Nikaanza ubavu wa kushoto, kidogo tu. Ukazidi kidogo. Nikasawazisha kulia. Kulia nako kukazidi. Mashine ilipozima, Afande alikuwa na nywele za kichwani na za mkiani, katikati hakuna kitu. Akaanza kutetemeka. Mke wangu alimtazama, akanitazama, akavua sweta lake akamvisha. Kisha akachukua simu, akatoka nje.

Ijumaa, 8 Julai

Nimeamka, daktari wa mifugo yuko uani. Mama mmoja mwenye buti za mpira. Akampekua Afande: viroboto hana, vidonda hana. Akauliza wiki hii ameoga mara ngapi. Nikajibu mara saba, nikijua nitasifiwa. Akaweka kalamu chini.

Akasema baridi kavu huondoa mafuta ya ngozi, na maji ya moto na sabuni huyamalizia. Kuoga basi kwanza. Apigwe brashi laini kila siku, aongezewe mafuta ya samaki kidogo kwenye chakula kwa kipimo alichoandika, alale mbali na jiko, maji ya kunywa yasikauke bakulini. Asipotulia, au akitoka vidonda, aitwe tena. Halafu akauliza nani alimnyoa hivi. Mke wangu akamjibu kwamba nilikuwa nasawazisha.

Niliona aibu, siwezi kukana. Mchana kutwa mke wangu alikaa na brashi, Afande kamlalia miguuni. Mimi hata kunusa hakutaka.

Jumamosi, 9 Julai

Mwanyumba alifika kabla ya mama mkwe, bahasha mkononi. Mama akazipitia picha zote bila haraka. Akamuuliza alipomwona mnyama anataabika hivyo alifanya nini. Mwanyumba akasema alipiga picha. Mama akamrudishia bahasha. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Kisha akanigeukia. Nikaeleza bidii yangu, mara saba, kwa mikono yangu miwili. Mama akainua sweta, akachungulia, akalishusha taratibu. Wakati huo Afande alikuwa ameshamfuata mke wangu jikoni. Basi chumba amepewa mke wangu, atashonea nguo. Mama akasema mwenye kutunza alikuwemo humu humu, sisi wawili hatukumwona. Usiku nilimeza chakula kama mchanga.

Jumapili, 10 Julai

Nimelala, nimefikiri. Mke wangu ana moyo. Kasema kona ya dirishani anaweza kuniwekea kiti kimoja, mama yake akikubali. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kumridhisha mama.

Na leo mezani nimemwona akijikuna kichwa chini ya kitambaa. Mara nne, nimehesabu. Daktari alizungumzia mbwa, mama wakwe hakuwataja. Nimeshabandika maji. Namsubiri amalize chai.