Mzoa Taka wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 4 Machi

Nimeyaona kwa macho yangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikipanguza ubao wa kioo wa vijana wa kompyuta, ghorofa ya nne. Kikaratasi cha njano, kalamu nyekundu: MZOA TAKA ANASIMAMISHA KAZI ZOTE. ATOLEWE?

Mzoa taka humu ndani ni mmoja. Mimi.

Nikakaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Nilidhani nimekosea kusoma, maana shule niliiacha darasa la sita. Nikarudia kwa kidole. Herufi ni zilezile. Zamani vikaratasi vyao vilikuwa vya Kiingereza na mimi niliishi kwa amani. Lakini mkubwa wao, mwanamke niliyempa jina Bi Miwani, ametoa amri. Wanaandika kitabu cha vidokezo vya kuwafundisha wageni wa kazi yao, na kila kipande cha msimbo, yale maandishi yao ya kuiamuru kompyuta, lazima kiwe na maelezo ya Kiswahili chini yake. Maelezo ya nini, nilikuwa najiuliza. Sasa najua.

Hii ni kazi yangu ya tatu tangu niondoke nyumbani. Kiwanda cha vigae kilinikataa. Ghala la mbao likanikataa. Mama mkwe ameshasema nikifukuzwa na safari hii, nirudi nikachunge mbuzi wake. Mbuzi sina ugomvi nao. Ni kile kicheko chake, mbele ya wanangu.

Nimenakili maneno yote kwenye daftari hili. Ushahidi.

Jumanne, 5 Machi

Kikaratasi kingine: Mzoa taka huja anapotaka mwenyewe. Usitegemee kumwita.

Uongo mtupu! Mimi nafika kabla lifti haijawashwa. Nikampandisha mlinzi wa getini aje asome, awe shahidi. Akasoma, akapiga mluzi, akaniambia, Mzee wa Fagio, hapo umekwisha, ndugu yangu. Alisema kwa huruma iliyozidi kipimo. Kisha akauliza barua ya kuomba nafasi kama yangu huandikiwa nani. Ati anauliza tu! Ana shemeji yake hana kazi, humtaja kila siku kama dua. Kikulacho ki nguoni mwako. Na yeye nimemwandika.

Mchana nikamsikia Ndevu, yule kijana wa dirishani, akimlalamikia mwenzake. Kwamba jana mzoa taka alimtia aibu mbele ya wateja. Kwamba kila kitu kiliganda sekunde nne nzima kwa sababu yake.

Sekunde nne. Jana nilisimama kweli, kujikuna mgongo. Kumbe hata kujikuna napimiwa!

Mpango: kuanzia kesho sisimami.

Jumatano, 6 Machi

Nimezoa mara kumi na tisa kabla ya adhuhuri, mwendo wa kukimbia. Kikombe cha Ndevu kilikuwa na chai nusu. Chai nusu ni taka iliyo njiani, nikamwaga. Karatasi zilizotoka kwenye printa zikiwa bado na joto, nazo nikabeba. Ndevu akauliza, mzee wangu, kwani leo tuna mgeni? Nikamjibu kwamba mgeni anamjua yeye. Akarudi kwenye kompyuta yake. Anayekwepa ana lake.

Jioni mama watoto akapiga simu. Nikamweleza yote. Akasema niwaulize wenyewe, mdomo sikupewa kwa kupigia miayo tu. Niwaulize! Mwizi huulizwa ataiba saa ngapi? Nyuma yake nikamsikia mama yake akitaka kujua kama nimeshapanda basi.

Alhamisi, 7 Machi

Wamenitegea mtihani. Karatasi kubwa, ukutani, palipo wazi kabisa. Juu mistari mitatu ya Kiingereza yenye mabano yaliyopinda kama masharubu. Chini yake Kiswahili safi: KITU KISICHOSHIKWA NA YEYOTE NI TAKA. MZOA TAKA ATAKIZOA.

Nikaisoma mara tano. Hakuna kona ya kujificha. Wanataka kuona kama nitaitii, nisipoitii wapate sababu. Nikakunja mikono ya shati.

Saa saba, walipokwenda kula, nikazoa. Koti moja. Funguo za gari. Chaja sita. Viatu vya Ndevu, anavivua chini ya meza na kwenda kula na kandambili. Kama kweli anavihitaji, angevishika. Bi Miwani hakutoka, alikuwa amesinzia kitini, miwani yake mezani. Hapo nikasita. Nikarudi kuisoma kanuni. Mkubwa hakutengwa. Nikazoa.

Kufika saa tisa, ghorofa nzima inafanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili umekumbatia mali. Ndevu anatembea soksi tupu akiuliza watu kama wamemwona mchawi. Bi Miwani amekiamkia kiango cha makoti, akakiuliza ripoti yake iko wapi.

Mtihani nimefaulu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitwa. Vitu vyote nimevirudisha isipokuwa kiatu kimoja, kilishaondoka na gari la taka. Miwani imefungwa utepe wa gundi katikati. Bi Miwani akaniuliza kwa upole, baba, kulikoni? Upole wa mkubwa ni wingu jeusi. Nikaona heri nife nimesimama. Nikafungua daftari, nikawasomea mashtaka yao yote, moja moja, kwa tarehe.

Ndevu alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Miwani hakucheka. Alinieleza taratibu. Mzoa taka wa kwenye vikaratasi si mimi. Ni programu ndogo iliyomo ndani ya kompyuta. Kompyuta ina kumbukumbu yake, na humo hubaki vitu ambavyo hakuna tena anayevitumia. Hiyo programu hupita ikivizoa, na inapozoa, kazi nyingine husubiri kidogo. Ndiyo wanabishana waiache au waitoe. Kazi yangu mimi ipo palepale, hakuna wa kuigusa. Ila nisichukue tena kitu juu ya meza ya mtu. Akanipa mkono. Hata Ndevu akaniomba radhi, huku akijifuta machozi.

Nikasema nimeelewa, mama, ahsante sana.

Nimeelewa barabara. Kumbe wameshamwajiri! Yumo humo ndani. Hali, halali, haumwi, haombi ruhusa ya msiba. Na mimi wananipa mkono ili nisishtuke. Nikashuka kumhoji mlinzi kama amewahi kumwona akipita. Akaapa kwamba hajawahi. Basi huyu mtu anaingilia wapi?

Jumamosi, 9 Machi

Ofisi tupu. Nimempata.

Ni kile chumba kidogo cha nyuma, chenye baridi na makabati ya kompyuta yanayounguruma. Ufunguo ninao, huwa napanguza humo kila mwezi. Mlangoni pameandikwa USIZIME KAMWE. Mimi nazimiwa taa ya choo nikiwa ndani, yeye kamwe! Nikatega sikio kwenye kabati. Anapumua. Tena anakoroma.

Sikumdhuru, Mungu shahidi. Nilichomoa nyaya tu, moja baada ya nyingine, nikazikunja vizuri, nikafuta vumbi. Akanyamaza kimya. Kisha nikafagia ghorofa yote, kona hadi kona, nikimwacha naye afanye sehemu yake. Saa nzima. Matokeo nimeyaandika kwa herufi kubwa, nitambandikia Bi Miwani ubaoni: Mimi, mifuko minne. Yeye, hata punje. Jumatatu atajionea mwenyewe nani wa kutolewa.

Simu inaita. Ni Bi Miwani. Hii sasa ni mara ya nane, na katikati Ndevu naye amejaribu mara tano. Habari njema hazikawii. Sipokei, wasije wakadhani nina njaa ya sifa. Wasiwasi wowote niliokuwa nao umeniisha. Mtu wa kufukuzwa hupigiwa mara moja tu.